Miguu ya binamu

Wadau, nimepotea, najua. Kuna mtu alisambaza vimbwetani kwamba nimedisko, mwingine akasema amesikia nimeoa huko Nachingwea na sirudi tena. Kwi kwi kwi! Sijadisko wala sijaoa. Nilikuwa likizo, na hata kabla ya likizo nilikuwa nimefunga mdomo kwa sababu ambayo wale wa chumba cha magodoro wanaijua nusu. Leo naiweka hapa yote.

Kwa wageni wa kijiwe hiki: mimi ni mmoja wa wale vichaa wanaokutana jioni nyuma ya uwanja wa kikapu, wanavaa makimono mazito kwenye joto hili, halafu wanagaagaa chini kama watoto. Mchezo unaitwa jiu-jitsu ya Brazil. Ni ndugu wa judo. Jigoro Kano alianzisha shule yake ya judo Tokyo mwaka 1882, mmoja wa watu wa shule ile, Mitsuyo Maeda, akafika Brazil mwaka 1914, huko akawafundisha akina Gracie, na wao wakaikuza ile sehemu ya kupigania chini mpaka ikawa mchezo wa peke yake. Judo yenyewe wenzetu wa Zanzibar wanayo tangu miaka ya 1990, ililetwa na Mjapani aliyehamia kule. Sisi hapa tuna magodoro ya kuazima na mwalimu mmoja mwenye uvumilivu.

Sasa, kwenye mieleka tuliyocheza utotoni, mgongo ukigusa chini umekwisha. Watoto wanashangilia, wewe unajifuta vumbi unakwenda nyumbani. Huku kwetu mgongo ukigusa chini ndiyo kwanza kazi inaanza. Aliyelala chali ana miguu miwili, na miguu ni mirefu na ina nguvu kuliko mikono. Anakufunga kiunoni, anakukanyaga nyongani, anakutia ndoana kwa vidole vya mguu ndani ya paja, anakusukuma ukikaribia na kukuvuta ukirudi. Ukuta huo wa miguu ndio tunaouita gadi. Ukiwa juu, mbele ya miguu ya mwenzako, mtu anayepita anadhani wewe ndiye unayetawala. Uongo. Huna kitu bado. Inabidi uivuke miguu yote miwili ufike ubavuni kwake, kifua kwa kifua, umtulize hapo sekunde 3, ndipo unapewa pointi 3. Kumwangusha mtu kutoka wima ni pointi 2 tu. Na yeye akikupindua kutoka chini akakaa juu yako, anachukua 2. Kwa hiyo mwone yule aliyelala chali ametulia kama anaota jua, ujue anakusubiri.

Mimi nilikuwa navuka kwa mabavu. Nilikuwa na pasi moja tu maishani: naingiza mikono yote miwili chini ya mapaja ya mtu, nafunga viganja, nanyanyua makalio yake, namkunja kama mkeka mpaka magoti yamkaribie masikio, halafu nazunguka. Pasi hiyo ipo kweli na inafundishwa kila mahali, ila ina namna yake, uzito uende kwenye nyonga na mabega, shingo ya mtu ibaki huru. Mimi namna hiyo sikuwa nayo. Nilikuwa na kilo 84 na haraka.

Wiki mbili kabla ya UE nilikuwa nacheza na jirani yangu wa chumba. Simtaji jina, mwenyewe atasoma. Mwembamba, miguu kama ya korongo, gadi yake tamu ajabu. Mwaka mzima nilikuwa sijampita hata mara moja bila kumkunja. Siku ile nikamkunja. Nikawa nasukuma na vidole vya miguu, yeye yuko chini amejikunja kama tambi. Akasema, "Ngoja."

Nimewaambia watu wote kwamba sikusikia. Nilimwambia mwalimu, nilimwambia daktari (ambaye hata hakuuliza), nilimwambia yeye mwenyewe. Jamani, nilisikia. Nilisikia vizuri kabisa, nikasema moyoni, huyu anataka kuniponyoka, sekunde moja tu namaliza. Kikalia kitu shingoni mwake, kama ukivunja kijiti kibichi.

Ilikuwa misuli, mfupa ulikuwa salama, Mungu mkubwa. Lakini alivaa ile kola ya shingo wiki tatu, na mitihani miwili akashindwa kukaa, ikabidi abaki chuoni kuifanya wakati sisi tunafunga mabegi. Nilipomtumia ujumbe wa pole alijibu "poa". Neno moja, bila nukta. Kimono changu nikakiweka chini ya kitanda, sikukifua hata jasho.

Nikapanda basi la kusini alfajiri. Wanaojua njia wanajua: daraja la Mkapa pale Rufiji, Nangurukuru, Mingoyo, halafu unaacha bahari unaingia ndani. Nachingwea nilifika nimevimba miguu. Mama akaniangalia akasema nimenenepa, halafu nimenyong'onyea, yote kwa pamoja. Wiki ya kwanza nililala tu. Jioni natembea hadi ilipopita reli. Msioijua Nachingwea, kwetu kulikuwa na reli! Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waingereza walikuja na matingatinga kulima karanga, wakafyeka, wakang'oa visiki, wakajenga reli kutoka bandari ya Mtwara mpaka kwetu, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Zaidi ya pauni milioni 30 zikaenda na maji. Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nasikia habari hizo na kuona ajabu moja tu, kwamba watu wenye mashine zote zile wameshindwaje na karanga.

Mama alipochoka kuniona nimekaa kama mgonjwa, akanituma Ruangwa kwa Mjomba, nikasaidie ufuta. Kwetu sisi mjomba si mtu wa kukataliwa, mama akisema nenda kwa mjomba wako, unakwenda. Ulikuwa mwezi wa saba, watu wa chini ya RUNALI (ndiyo ushirika wetu, Ruangwa, Nachingwea na Liwale) wanapeleka ufuta kwenye maghala ya AMCOS kusubiri mnada. Mjomba ujanani alikuwa mbeba magunia. Sasa ana shamba lake na mikorosho, lakini ukimwona anavyosimama, mgongo umenyooka, magoti yamelegea kidogo, unajua huyu amebeba vitu.

Na kuna mtoto wake. Binamu yangu mkubwa kwangu miaka miwili, hakuendelea baada ya kidato cha nne, sasa anashuka kwenye mashimo ya dhahabu kule Namungo. Mtu anayepanda na kushuka shimoni kwa mguu na kamba kila siku, hebu fikiria mapaja yake. Na ni mtani wangu kwa haki zote za ubinamu. Siku ya kwanza tu, kabla sijanawa mikono nile, akaanza.

"Nasikia huko chuo mnafundishwa kulaliana."

Nikamweleza, nikamchorea, nikamwonyesha vidio kwenye simu. Leandro Lo wa Brazil, bingwa wa dunia mara 8, yule aliyeuawa kwa risasi São Paulo mwaka 2022, jinsi alivyokuwa anavuka miguu ya watu kama anaruka kamba. Binamu akatazama, akarudisha simu. "Huyu wa chini si ameshaanguka? Wanaendelea nini?" Mjomba yuko pembeni anamenya ming'oko, hasemi kitu. Nilipotaja majina ya mitindo, yale ya Kireno, nikasema kuna hata mchezo mwingine wa huko huko Brazil unaitwa luta livre, Mjomba akainua kichwa kama aliyeitwa. "A luta continua!" Kumbe luta ni hiyo hiyo. Mjomba alikulia Nachingwea wakati wapiganaji wa FRELIMO wana kambi pale Farm 17, na Samora Machel ndipo alipoanzia safari yake ya kurudi kwao mwaka 1975. Kireno chote cha Mjomba ni maneno matatu, na amekaa nayo miaka hamsini akisubiri mtu wa kumwambia.

Jioni ile tukashuka kwenye kijito kilichokauka, mchanga mtupu, laini. Nilitaka tu kumwonyesha halafu turudi. Nikamwambia alale chali, aweke miguu juu, anizuie nisifike ubavuni. Hakuna ngumi, hakuna teke la uso.

Sikufika. Siku ile sikufika, kesho yake sikufika, siku nne nzima mkanda mweupe mwenye mistari mitatu hafiki ubavuni kwa mtu ambaye hajawahi kuvaa kimono. Sababu ya kwanza ilikuwa naogopa. Nikimshika namshika kama yai. Nikikaribia kuweka uzito nakumbuka kile kijiti, naachia. Binamu ananisukuma kwa nyayo mbili kifuani, narudi hatua tatu kwenye mchanga. "Mbona unanibembeleza? Mimi mchumba wako?" Watoto wa jirani wameshakuja kutazama. Siku ya tatu nikapata hasira, nikarudia pasi yangu ya zamani, mikono chini ya mapaja, nyanyua, kunja. Mchanga ukateleza chini ya vidole vyangu, nikaanguka na uso. Nikala mchanga wa Ruangwa.

Kesho yake asubuhi ghalani. Tunashusha magunia kwenye gari. Nimekamata gunia la ufuta, nalikumbatia nalivuta, linanikimbia. Ambaye hajabeba ufuta asidhani ni kama mahindi. Ufuta ni chembe ndogo zenye kuteleza, ndani ya gunia unahama kama maji. Ukilivutia kulia, uzito umeshakwenda kushoto. Nikawa napigana nalo mpaka Mjomba akaja akaniondoa mkono.

"Ngoja likae."

Akaliegemea kwa bega, hakulisukuma, ameliegemea tu. Ufuta ukashuka, gunia likatulia. Halafu akasogea karibu zaidi, goti likaingia chini, gunia likapanda bega lake kama limeamua lenyewe. Akalishusha tena. "Haya wewe." Nikajaribu. "Mikono inafanya nini hapo? Mikono ni ya kulizuia lisitoroke. Uzito ni wako, wa kifua. Na miguu yako iwe hai." Akanipiga kofi la paja. "Umepiga magoti. Ukipiga magoti, anayekubeba ni nani? Ardhi. Gunia halikuhisi."

Nikabaki nimesimama pale na makapi ya ufuta kwenye kope. Mwalimu wetu amekuwa akiniambia hilo mwaka mzima, kwa maneno mengine, nami nikiitikia "sawa mwalimu": ukiwa unapita gadi, magoti yako yasilale chini, simama kwenye vidole vya miguu, ili uzito wako uangukie juu ya mtu na si juu ya godoro. Mtu wa kilo 60 akijua hilo ni mzito kuliko mimi wa 84. Na ukiwa na uzito huna haja ya haraka. Huna haja ya kumkunja mtu.

Basi bwana, tukaanza upya. Naomba wasiocheza wanivumilie aya mbili tatu, nawaandikia wale wa magodoro.

Kwanza mikono. Nilikuwa nakimbilia miguu wakati binamu amenikamata fulana kwapani. Mtu akikushika hivyo, kila ukizunguka unamvuta umbo zima, mnazunguka naye kama feni. Toa kwanza mkono wake. Halafu kaa sawa: mgongo umenyooka, viwiko vimebana mbavu, kichwa kisitangulie. Na kama amekufunga miguu kiunoni, mikono yako iwe yote ndani au yote nje. Mmoja ndani mmoja nje, anakukaba shingo kwa mapaja, ile pembetatu, utagonga tu.

Halafu mguu wenyewe. Nilikuja kuuona kama nyumba yenye milango mitatu: unyayo, goti, nyonga. Mimi nilikuwa nataka kuingia chumbani moja kwa moja kutoka barabarani. Sasa nikawa nakamata kwanza nyayo zake zisiniguse kifuani, nasubiri. Kisha naingia ndani, mguu wake mmoja uko katikati ya miguu yangu, ule mwingine nimeubana kwa mkono juu ya goti, makalio yangu chini, nimeegemea. Pale wenyewe wanapaita makao makuu. Na kweli ni kama Dodoma, ukishafika hapo safari zote zinaanzia hapo, lakini sharti ukae kwanza. Niache likae. Nilikuwa nahesabu pumzi mbili. Binamu anahangaika, anasukuma, na kila akisukuma ananionyesha njia. Akifungua goti nje, goti langu linakata juu ya paja lake mpaka mchangani, mkono wangu unawahi chini ya kwapa lake la upande wa mbali (asipowahiwa hapo, anainuka na kukupanda mgongoni), bega langu linakaa kwenye taya yake. Akigeukia ndani, naburuza mguu wake uvuke mwili wangu. Akinyoosha miguu yote miwili, nashika miundi, naitupa kushoto, napita kulia. Hiyo ya mwisho inaitwa toreando, yule mtu wa Kihispania anayepisha fahali na kitambaa. Nimeambiwa Pemba wana mchezo wao wa ng'ombe, wengi wanasema ni mabaki ya Wareno, na ng'ombe hauawi. Ningependa kwenda kuwaona wale vijana wanavyopisha pembe.

Na ile pasi yangu ya kukunja nikaibadilisha na ya juu-chini, aliyojulikana nayo Bernardo Faria: mkono mmoja juu ya mguu wake huu, mwingine chini ya mguu wake ule, bega tumboni, halafu unatembea pole pole kwa vidole vya miguu kama konokono. Uzito wote uko nyongani kwake. Shingo yake haihusiki. Mwalimu alishanionyesha mwaka juzi, nikaiona ya wazee.

Siku ya kwanza kumpita binamu, nilikuwa nimefurahi mno nikakimbilia kumkalia juu, akanipindua papo hapo. Sekunde 3 hazikufika hata moja. Jamani, mkishapita, kaeni! Ziba nyonga kwa mkono mmoja, kichwa kwa mwingine, tulia, mwache apumue vibaya kidogo. Siku ya tisa nikampita nikakaa. Watoto wakahesabu kwa sauti mpaka ishirini, wanahesabu tu kwa raha zao.

Sasa ile siku ya kumi. Niko katikati ya kumpita, goti langu limeshakata, bega liko kwenye taya, na binamu akasema, "Ngoja."

Nikaachia. Niliachia kama nimeshika waya wa umeme, nikaruka nyuma, nikakaa mchangani, mikono inatetemeka. Binamu anajifuta jicho. Mchanga tu ulimwingia. Akanitazama. "Wewe vipi? Mbona umekuwa mweupe?"

Nikamweleza. Yote, na ile sehemu ya kusikia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisema kwa mdomo. Watoto walikuwa wameondoka, au niliwafukuza, sikumbuki. Binamu alisikiliza huku akichezea mchanga na vidole vya miguu. Nilitegemea ataniambia ajali kazini, mashimoni wanaona makubwa kuliko hayo. Akasema, "Umeshamwambia?"

"Nani?"

"Mwenye shingo."

Nikanyamaza.

"Sasa unanieleza mimi nikufanyie nini, mimi shingo yangu nzima." Akalala tena chali, akainua miguu. "Haya, njoo."

Tulicheza mpaka giza. Mjomba akapiga ukelele kutoka juu kwamba chakula kinapoa, na kama tunataka kulala mtoni tulale.

Nilirudi Nachingwea kumuaga Mama, nikarudi chuoni wiki moja kabla ya kufungua, na bumu halijaingia, mnajua maisha yanavyokuwa. Jirani alikuwepo, hakwenda kwao kabisa. Mitihani yake amefaulu yote miwili, nashukuru hilo kuliko matokeo yangu. Nikamletea korosho kilo mbili. Nikamnunulia chai na chapati pale kwa mama ntilie, nikaongea habari za basi, habari za barabara ya Nanganga, habari za Namungo na uwanja wao, nikazunguka weee kama mtu anayeogopa gadi. Mwisho nikamwambia. Nilisikia uliposema ngoja. Nilisikia nikaendelea.

Akakaa kimya. Akavunja chapati yake vipande vidogo vidogo, hakula.

"Nilijua," akasema. "Ulivyosikia ulikaza. Nilihisi mikono yako."

Miezi yote ile alijua. Na mimi nilikuwa namtazama machoni namwambia sikusikia, naye ananiambia poa. Nikatafuta cha kusema sikupata. Akasema kilichomuuma hata si shingo. Akasema kesho yake nisije kucheza na yeye, na keshokutwa nisije, na atakaponiita ataniita. Akachukua zile korosho akaondoka. Nikalipa chai.

Wiki mbili nilikuwa nacheza na wengine. Ile ya juu-chini inawaudhi, wananiita konokono, mwalimu anacheka tu. Kila zamu ikiisha naangalia upande wake, ananiona, anachagua mtu mwingine. Sikulalamika. Ningelalamika nini?

Alhamisi iliyopita akaja akakaa mbele yangu, akalala chali, akaniwekea nyayo nyongani. "Pita."

Nikatoa mikono yake kwanza. Nikaingia pole pole, mguu wake mmoja katikati, mwingine nimeubana gotini, nikaegemea, nikaacha likae. Nilimsikia pumzi. Akajaribu kunisukuma, goti likafunguka kidogo, goti langu likaanza kukata. Niko njiani kabisa, bega limekaribia taya yake, na niseme kweli, nilikuwa nampita. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nampita bila kumkunja.

"Ngoja," akasema.

Nikaachia pale pale. Mikono juu, nikakaa nyuma kwenye visigino, nikamuuliza, shingo? Shingo?

Akanikamata mkono wa kimono, mguu wake wa korongo ukaingia chini ya paja langu, dunia ikageuka, nikaona mapangaboi ya darini, na yeye amekaa juu ya kifua changu anafunga mkanda wake uliolegea.

"Pointi 2," akasema.

Nikamwambia huo ni wizi. Akasema ndiyo, ni wizi, na bado ananidai mitihani miwili.